Sensa za infraredi kwenye roboti yangu, na kiatu cheusi kilichoniaibisha

Kwanza nieleweke: sensa ninayozungumzia hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kijikadi cha kuisaidia roboti kukwepa vitu, chenye macho mawili mbele, moja la kung'aa na jingine jeusi, ambacho ukitembea Luthuli Avenue jijini Nairobi utakikuta karibu kila duka la vifaa vya elektroniki. Nilinunua vitatu, nikabakiwa na chenji ya kutosha chai na mandazi. Muuzaji akaniambia, "Boss, hiyo inapima hadi sentimita 30." Maneno hayo yalinigharimu wiki mbili, kwa sababu kijikadi chenyewe hakipimi chochote.

Kinachofanyika ni hiki. Jicho la kung'aa linatoa mwanga wa infraredi, jamaa yake ule wa rimoti ya televisheni, ambao hatuuoni. Jicho jeusi linangoja mwanga huo urudi. Ukirudi mwingi kupita kiwango ulichoweka kwa kuzungusha kiskrubu kilicho juu ya kadi, chipu ya LM393 inabadilisha ishara na kijitaa kinawaka. Basi. Jibu ni ndiyo au la, na la kushangaza ni kwamba ikiona kitu inatoa sifuri, si moja. (Jioni yangu ya kwanza iliishia hapo. Roboti ilikuwa inakimbilia ukuta na kuogopa uwazi.)

Kwa hiyo sensa hii haijui umbali. Inajua mwanga umerudi mwingi au kidogo. Karatasi nyeupe iliyo sentimita 15 mbele yake inaweza kurudisha mwanga mwingi kuliko kitambaa cheusi kilicho sentimita 5. Mimi sikusoma hilo popote, nilifundishwa na viatu vya shule vya mpwa wangu. Roboti ilizunguka sebuleni kwa adabu zote: ikakwepa ukuta, ikakwepa soksi nyeupe iliyoachwa sakafuni, kisha ikaenda moja kwa moja kugonga kiatu cheusi. Ikarudi nyuma, ikakigonga tena.

"Anko," mtoto akasema, "hii roboti yako inachagua wa kuheshimu."

Nikachukua bisibisi, nikazungusha kiskrubu mpaka kiatu kikaonekana. Sasa ikaanza kuona hata zulia kama ukuta, ikagoma kutembea. Nikarudisha kidogo, kiatu kikapotea. Kati ya hapo na pale hakuna mahali pazuri, na ukinunua kadi hizi usijipe moyo kwamba utapapata.

Halafu kuna jua. Nyumba yetu inatazama magharibi, na ikifika saa kumi alasiri miale inaingia kwa mlango wa baraza mpaka katikati ya sebule. Roboti ikikanyaga pale penye jua inazunguka papo hapo kama kuku aliyepigwa jiwe. Jua limejaa infraredi, na kadi hii haina njia ya kutofautisha mwanga wake na wa jua. Rimoti ya televisheni imelitatua tatizo hilo kwa kupepesa mwanga wake mara 38,000 hivi kwa sekunde, na televisheni husikiliza mpepeso huo tu. Kadi yangu inamulika mfululizo tu, kama tochi.

Nilijaribu kulivalisha jicho la kupokea kipande cha mrija mweusi wa soda. Haikusaidia. Plastiki nyingine nyeusi ni nyeusi kwa macho yetu tu, infraredi inapita kama kwenye kioo. Ndiyo maana kile kidirisha cheusi cha rimoti hakizuii kitu. Nikauzungushia mrija karatasi ya foili ya jikoni, na hapo ikatulia, angalau jua lisipoipiga usoni.

Mwishowe nilijikaza nikanunua sensa ya Sharp GP2Y0A21, ambayo bei yake ingeninunulia kadi zile kadhaa. Hii nayo ni ya infraredi, lakini haihesabu wingi wa mwanga. Inaangalia mwanga umerudi kwa pembe gani, na kutoka hapo inatoa volti zinazopanda kadiri kitu kinavyokaribia, kwa umbali wa kuanzia sentimita 10 hadi 80. Kiatu cheusi na soksi nyeupe zikawa karibu sawa mbele yake. Ina mambo yake pia. Kitu kikikaribia sana, ndani ya zile sentimita 10, volti zinaanza kushuka tena, hivyo ukuta ulio puani unaonekana kama uko mbali. Nilikuwa nimeifunga mbele kabisa, kosa langu. Nikaihamishia mkiani ikiangalia mbele, na urefu wa roboti wenyewe ukafunika zile sentimita 10. Iwekee pia kapasita (kijipande kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 10 karibu na waya zake za umeme, la sivyo namba zitarukaruka. Na inapima upya kila milisekunde 38 hivi: roboti ya mwendo wa sentimita 50 kwa sekunde inasogea karibu sentimita 2 kabla ya kupata habari mpya. Kwa sebule yangu inatosha.

Zile za bei rahisi sikuzitupa. Mbili nimezigeuza ziangalie chini kwenye roboti kubwa, zizuie isianguke mezani, kazi zinayoiweza vizuri. Kufuata mstari mweusi juu ya sakafu nyeupe pia ni kazi yao, kwa sababu hapo ule ubaguzi wa rangi ndio unaoutaka.

Ya tatu iko kwenye roboti ndogo niliyomwachia mpwa wangu. Juzi stima zilipotea saa mbili usiku, naye akaiwasha gizani. Akaielekezea kamera ya mbele ya simu, na kwenye skrini tukaona jicho lake linang'aa zambarau hafifu. Hakuna jua, hakuna balbu. Ikapita chini ya meza, ikazunguka kochi mara mbili, nikaanza kujivuna.

Kisha tukasikia kishindo karibu na mlango, pale viatu vinapovuliwa.