Kahoot au Google Forms: ipi inaonyesha mwanafunzi ameielewa sayansi ya dunia?

Swali ni moja: kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi? Kwenye Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, darasa linachangamka, vidole vinakimbilia pembetatu nyekundu au duara la njano, na papo hapo unaona wangapi wamechagua "Dunia huwa karibu na Jua". Kwa kunusa kosa kabla ya somo kuanza, inafaa sana. Ila alama zake kwa kawaida huzingatia kasi, hivyo anayefikiri taratibu huumia, na aliyebahatisha huonekana anajua.

Google Forms, yaani fomu ya maswali ya mtandaoni, haina shamrashamra, lakini ndiyo ninayoiamini. Unaweka swali lilelile, na chini yake nafasi ya kueleza sababu. Mwanafunzi anachagua mhimili ulioinama nyuzi 23.5, kisha anaandika: "upande ulioinamia Jua unakuwa karibu nalo." Kosa ni lilelile, limejificha tu. Hapo unamuuliza: mbona Dunia hulikaribia Jua zaidi mwezi Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati kaskazini ni baridi?

Kusoma maelezo ya darasa zima kunachosha, kweli. Kwa kutambua majina ya miamba na madini, Kahoot inatosha.