Kupaka dawa au kupiga picha: ipi inarudisha mashairi yaliyofutwa?

Zamani ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, mtu anakwangua maandishi ya kale anaandika yake juu. Sasa ya chini unayasomaje? Wasomi kina Angelo Mai kule Italia, karne ya 19, walikuwa wanapaka maji ya vivimbe vya mwaloni, wino wenye chuma unarudi mweusi fasta unasoma hapohapo, ila miaka ikipita ukurasa unageuka kahawia na anayekuja baada yako haoni kitu, yani ni kula mbegu. Kamera yenyewe haigusi: picha nyingi, kila moja na mwanga wake, kuanzia urujuanimno mpaka infraredi (mianga ambayo jicho halioni), ngozi inang'aa wino unabaki giza, kompyuta inazichanganya. Hela inaenda kweli, na bado mtu anakesha na herufi mojamoja. Lakini cheki monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai: chini ya Kiarabu yametokea mashairi ya Kigiriki, mtoto Dionysus, mungu wa divai wa Wagiriki, yuko kwenye kiti cha enzi, maadui wanamrubuni kwa vitu vya kuchezea ashuke! Mtafiti Giulia Rossetto akayachapisha 2021. Mi niko na kamera, japo Mai simlaumu sana, 1819 angetumia nini?