Tahadhari: "Hiyo kijani imeisha, nakutengenezea sasa hivi"

Wanaochagua kati ya rangi mbili za kijani za kupaka kuta za ndani, ile hafifu yenye ukijivu na ile iliyokoza ya zeituni, wajihadhari na mchezo huu. Mteja akichagua iliyokoza, muuzaji anadai imeisha, anachukua ndoo ya besi nyeupe (rangi ya msingi, kabla haijatiwa rangi unayotaka) na kumimina tinta (rangi kali ya kuchanganyia) mpaka ifanane na kadi ya sampuli za rangi.

Huo ni wizi. Kijani hafifu hutoka vizuri kwenye besi nyeupe. Iliyokoza inahitaji besi ya rangi nzito, yenye weupe kidogo sana. Kwenye besi nyeupe tinta italazimika kuzidi kiwango, na tinta peke yake haina gundi ya kuishika ukutani. Rangi itachelewa kukauka, itanata, itatoa mabaka, na hata baada ya wiki kadhaa ukipitisha kitambaa chenye maji, kijani kinahamia kitambaani. Fundi akiongeza mkono wa tatu, yaani tabaka la tatu, anaongeza tatizo lile lile.

Mchezo wa pili ni wa taa. Anakuwekea kadi na mchanganyiko wake chini ya taa ya dukani, unaona hakuna tofauti. Lakini rangi zilizotengenezwa kwa tinta tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana kabisa chini ya nyingine. Dai kopo dogo la majaribio. Paka mikono miwili kwenye karatasi ngumu nyeupe, acha ikauke (rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka, usiihukumu ikiwa mbichi), kisha itazame mchana karibu na dirisha na usiku chini ya taa zako mwenyewe. Taa ya manjano huivuta zeituni kwenye kahawia.

Kabla ya kulipa, soma aina ya besi kwenye lebo, hakikisha kopo linafunguliwa mbele yako, na chukua fomula iliyochapishwa. Ukuta wa mita za mraba 40, kwa mikono miwili, unakula kama lita 8 ikiwa lita moja inafunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Nunua zote siku moja, toleo moja, uzichanganye kwenye chombo kimoja.

Ukiwa umeshauziwa, usipake juu yake. Tunza kopo, lebo na risiti, paka karatasi nyingine kutoka kopo hilo hilo, na ikishakauka, rudi nayo dukani pamoja na kitambaa chenye maji, uifute mbele ya muuzaji.