Fundi aliyechomoa betri injini ikiunguruma

Nianze na haki yao: wanafanya kazi haraka, bei zao hazinyongi, na chai huletwa kabla hujaitisha. Kwa hiyo gereji hii ya hapa Nakuru, upande wa viwandani, nilikusudia kuipa nyota tatu. Ngojeni mjue zimepotelea wapi.

Gari ni Peugeot 504, lile refu la nyuma lililokuwa likibeba abiria wa Kisumu kabla ya Nissan kutawala barabara. Ugonjwa wake: betri haishibi. Hata ukiendesha mchana kutwa, kesho yake starta inazunguka kwa uvivu. Usiku nikiwasha taa kubwa, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali. Na ajabu moja zaidi: nikipiga starta asubuhi, waya wa choki, ule wa chuma unaovutwa kuwasha injini baridi, unapata moto kiasi kwamba ukiugusa unaachilia.

Hilo la choki nililisema mapema, tena mara mbili. Fundi, ambaye hata mita ya kupimia umeme hakuwa nayo, aliwageukia wenzake wakacheka. "Mzee, hilo ni joto la injini tu. Hii uza chuma." Joto la injini, saa kumi na mbili asubuhi, gari limelala nje kwenye baridi ya Nakuru! Nikameza. Akaniuzia betri mpya.

Betri mpya nayo haikumaliza wiki. Niliporudi akawasha injini, akachukua spana, akalegeza kichwa cha betri na kukichomoa, injini ikiunguruma! "Ikizima tu, altaneta imekufa." Yaani ile mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri. Nikapiga kelele, "Rudisha, kijana, rudisha!" Haikuzima. Lakini alipokirudisha, ile taa nyekundu iliyokuwa ikififia sasa iliwaka wazi, mchana kweupe. Naye bila haya: "Si umeona? Altaneta imekwisha."

Imekwisha mkononi mwako, bwana! Huo ni ujanja wa enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta. Altaneta ina daiodi zinazogeuza umeme uwe wa kuingia kwenye betri, na betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka na daiodi zinaweza kuungua. Kisha akaniletea altaneta ya mtumba ya gari lingine kabisa, ati "tukikata bano kidogo itaingia." Nyota ya kwanza ikaenda hapo. Ya pili nayo.

Niliichaji betri usiku kucha kwa jirani, nikatoka mchana bila redio wala taa kuelekea Kericho kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Ukungu wa Mau Summit ukanilazimisha kuwasha taa, nikawa naomba Mungu hadi Londiani.

Yule mzee nilipomtajia waya wa choki hakucheka. Alinyamaza, akachukua mita. Kwanza alifungua altaneta, akanionyesha daiodi zilizoungua, akaweka nyingine kutoka kwenye mkebe wake. Injini ikawaka: kwenye altaneta yenyewe volti 14.2, kwenye betri 12.9. Akaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya altaneta na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, taa zikiwa zimewaka. Hapo haifai kuzidi volti 0.2. Ilisoma 1.2, yaani umeme ulikuwa unapotelea njiani ukirudi.

Akalala chini ya gari, akatoka na ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi ya gari. Kwa nje ulikuwa mzima. Alipoukunja, ukamwaga unga wa kijani, zikabaki nyuzi chache tu. Starta ilikuwa imekosa njia ya kurudishia umeme, ikajitafutia nyingine kupitia waya wa choki. Ndiyo maana ulikuwa unachemka! Mkanda mwingine, boliti zikasuguliwa kwa msasa, betri ikasoma 14.1. Pesa aliyoitisha ilinifanya nione aibu kwa niaba ya wale wa Nakuru.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja ni ya chai.

Ingawa, tusidanganyane, kwa kuchomelea ekzosi Nakuru sijaona wa kuwashinda, na yangu imeanza kupiga kelele tena. Nitawapelekea. Lakini boneti haifunguliwi.