Frijigadi za amperi 5: nunua, ila radi si kazi yake

Frijigadi ndogo za kuchomeka ukutani, zile za amperi 5 unazozikuta kwenye maduka ya vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza, zina kazi moja na zinaiweza: kukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Gadi nyingi hukata ukishuka karibu na 185 au ukipanda karibu na 260. Namba kamili huandikwa mgongoni mwa kifaa. Kisichoandikwa kiache dukani.

Faida yake huonekana nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, inapokatika kwenye nguzo. Nyumba inaweza kupata volti zaidi ya 300, tena kwa dakika kadhaa. Ekstensheni zinazonadiwa kuwa zinazuia mshtuko wa umeme (volti kuruka ghafla) haziwezi hali hiyo, kwa sababu ndani yake kuna varista, ambayo imetengenezwa kumeza mshtuko wa kufumba na kufumbua. Ikibebeshwa volti kubwa mfululizo huungua, na mara nyingine plastiki huungua nayo. Gadi ina rilei, yaani swichi inayojifungua na kujifunga yenyewe, hivyo fezi, waya unaoleta umeme, inatenganishwa kabisa na friji.

Umeme ukirudi, taa ya njano hukaa kama dakika 3 kabla ya kijani kuwaka. Wengi hudhani kifaa ni kibovu, wakachomeka friji moja kwa moja ukutani. Kosa kubwa. Gesi iliyobanwa upande mmoja wa kompresa inahitaji muda huo isawazike. La sivyo mota hukwama, huvuta mkondo mkubwa na waya zake huungua. TV haina haja ya kungoja hivyo, inatosha gadi ya TV yenye kusubiri sekunde chache.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji achomeke taa ya mezani kwenye gadi. Ikiwaka papo hapo, hiyo ni soketi iliyopambwa taa za rangi. Ikingoja, chomoa na urudishe: lazima ianze kuhesabu upya.

Amperi 5 ziheshimiwe. Pasi ya wati 2,000 huvuta karibu amperi 9, na ncha za rilei zinaweza kuyeyuka zikagandana. Tangu hapo taa zitaendelea kubadilika rangi huku umeme haukatwi tena. Pia gadi haiongezi umeme. Kwenye mitaa ambayo umeme hudhoofika kila jioni, itazima friji saa nyingi na sato wako wataharibika. Hapo kinachotakiwa ni stabilaiza, kifaa kinachoinua au kushusha volti zibaki sawa, na kwa friji ya wati 150 usishuke chini ya VA (volti-amperi) 1,000, maana mota ikianza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake.

Sasa radi, ambayo ukanda huu wa ziwa unazo nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Rilei hukata kwa milisekunde, radi hufika kwa mikrosekunde. Tena huweza kuingia kwa waya wa dishi hadi kwenye king'amuzi na TV bila kuigusa gadi. Wingu likikaribia, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi.

Kinga ya kudumu ni kifaa cha kuzuia mshtuko kinachofungwa kando ya mein swichi, chenye alama ya aina ya 2, volti 275 na kiloamperi 40. Kiunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 6, usiozidi nusu mita, kwani kila sentimita inayoongezeka hupunguza kinga. Bila ethi nzuri, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ni pambo tu, na Mwanza ndipo panapokwamia: rodi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, ikigonga mwamba, mafundi wengine huikata na kufunika kipande kilichobaki. Dai rodi mbili zilizopigwa penye udongo, zikiachana angalau urefu wa rodi moja, ziunganishwe kwa shaba iliyofukiwa mtaroni, kisha fundi apime ethi kwa kipimo chake mbele yako. Kidirisha cha kifaa kikigeuka kutoka kijani kuwa chekundu, kibadilishwe hata kama umeme unaendelea kuwaka.