Gurudumu la umeme la kufinyangia vyombo vya udongo, wati 350, sahani ya sentimita 25: kilo mbili mwisho

Boksi linaahidi uzito mkubwa. Udongo ukiwa umekaa tu juu ya sahani, linaubeba. Ukianza kuukandamiza ili ukae katikati ndipo utajua: kilo moja halisiti, kilo mbili linanguruma, kilo tatu sahani inapunguza mwendo chini ya viganja na udongo unaanza kuyumba. Kwa vikombe (gramu 400 hadi 500 kimoja) na mabakuli ya uji ya gramu 700 sina malalamiko. Mtu wa magudulia atafute mashine nyingine.

Kinachonikera ni pedali. Unakanyaga, hakuna kitu, unaongeza kidogo, sahani inaruka. Kuweka udongo katikati kunataka mbio, kwa hiyo hapo husikii shida. Shida inakuja unapovuta ukuta wa chombo, kwa sababu mwendo lazima ushuke kadiri ukuta unavyopanda na kuwa mwembamba. Sahani ikiruka hapo, mdomo unapinda na kazi imekwisha. Mimi naiacha pedali, natumia reguleta ya pembeni, inayozungushwa kama ya feni.

Beseni la kuzuia maji kuzunguka sahani ni vipande viwili vya plastiki na maungio yake yanavuja. Viringisha kijiti cha udongo laini, kibandike kwenye mstari wa maungio kabla ya kuanza. Chomeka kwenye soketi yenye ethi, maana maji yapo kila mahali.

Kabla ya kulirudisha dukani ukidai sahani imepinda, fanya hivi. Egemeza mkono kwenye ukingo wa beseni, gusisha ncha ya penseli kwenye sahani tupu ikizunguka polepole. Ikichora duara zima, sahani haina kosa. Ikichora upande mmoja tu, rudisha. Mara nyingi kosa ni udongo: haukukandwa vya kutosha, sehemu moja ngumu, nyingine laini, au una viputo vya hewa. Ukate kwa waya katikati uangalie. Vitundu vikionekana, kanda tena. Udongo wa vyungu vya kupikia, wenye mchanga mkubwa, utakuchubua viganja. Uchekeche kwanza ukiwa ujiuji.

Ufa wa umbo la S kwenye kitako nao watu wanaisingizia mashine. Ukishafungua udongo, yaani kuutia shimo katikati, acha kitako cha milimita 8 hivi kama utakikwangua baadaye, kisha kikandamize kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni, ukirudi, mara tano au sita. Kausha dimbwi la ndani kwa sponji kabla hujaanza kuvuta. Maji yakibaki pale, kitako kinakuwa laini kuliko ukuta, kinasinyaa zaidi kikikauka, na kinapasuka.

Swichi ya kugeuza upande ipo. Wanaotumia mkono wa kulia huzungusha kinyume cha saa. Ikague kwanza, maana langu lilikuja limewekwa upande wa pili.

Maji ya beseni usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Yaache kwenye ndoo hadi kesho, mwaga ya juu, tope la chini lianike juu ya kitambaa. Linafinyangika tena vizuri tu.