Twilight Struggle kwenye VASSAL: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Mtu wa Lubumbashi akiniuliza achezee wapi Twilight Struggle kwenye kompyuta, namwambia VASSAL, programu ya kuchezea michezo ya mezani kwenye kompyuta, ingawa toleo linalouzwa Steam (duka la michezo la mtandaoni) tangu 2016 limepambwa vizuri zaidi. Mchezo wenyewe ulitoka 2005, wa mezani, wa watu wawili: mmoja Marekani, mwingine Muungano wa Kisovieti, Vita Baridi kuanzia 1945 hadi 1989. Madukani hapa mjini sijauona, kwa hiyo kompyuta ndiyo meza yangu.

Toleo la Steam linakuhesabia kila kitu na kukukatalia hatua isiyoruhusiwa. Linamfaa anayeanza. VASSAL inakupa ramani, karata, kete za kuweka ubaoni na dadu, basi. Kanuni unazijua wewe na mwenzako, na hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu kweli.

Chukua Zaire, yaani Kongo yetu. Kwenye ubao inapakana na Angola, Kamerun na Zimbabwe, na uthabiti wake, yaani ugumu wa kuipindua, ni 1. Ukitaka kufanya mapinduzi unarusha dadu, unajumlisha thamani ya karata, kisha unatoa uthabiti mara mbili. Dadu 4, karata ya 3: jumla 7, toa 2, zinabaki 5. Unafuta ushawishi wa mpinzani (pointi alizoweka katika nchi hiyo) hadi uishe, na pointi zinazozidi zinakuwa ushawishi wako. Lakini Zaire ni kati ya nchi muhimu, kwa hiyo DEFCON, kipimo cha hatari ya vita vya nyuklia kinachoshuka kutoka 5 hadi 1, inashuka kwa moja. Kama ilishafika 2, vita vya nyuklia vinazuka na mwenye zamu ameshindwa papo hapo.

Ulaya inafungiwa mapinduzi DEFCON ikifika 4, Asia ikifika 3, Mashariki ya Kati ikifika 2. Afrika haifungwi. Ukihesabu haya kwa mkono wako mwenyewe, ile 1 iliyoandikwa kwenye nchi yetu inauma. (Jina Zaire liko pale tangu zamu ya kwanza, wakati nchi iliitwa hivyo 1971 hadi 1997 tu. Hilo nawasamehe.)

Ninacheza na rafiki yangu aliye Kolwezi. Delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haituzuii: nawasha kurekodi, nacheza zamu yangu, nafunga faili, namtumia kwa WhatsApp. Ni faili dogo, linakula mega (data ya intaneti) kidogo sana. Yeye akipata umeme analifungua na kuziona hatua zangu moja moja, hata dadu jinsi ilivyoanguka, halafu anajibu. Mchezo mmoja unaweza kwenda wiki nyingi, na sisi tunaongea mambo ya Angola kama watu wa wizara.

Uaminifu unahitajika. Asiye mwaminifu anaweza kutupa faili lenye dadu mbaya na kurusha upya kabla ya kutuma. Mapinduzi makubwa sisi tunayafanya tukiwa wote wawili mtandaoni.

Kwenye simu VASSAL haifanyi kazi, na hilo linawaacha nje vijana wengi wa hapa, jambo linalonisikitisha. Karata tunazotumia nazo ni za Kiingereza. Anayesoma Kifaransa tu atahitaji mtu wa kumsaidia mwanzoni.

Programu ni bure na msimbo wake uko wazi. Pakua programu na moduli (faili la mchezo wenyewe) siku moja, mahali penye mtandao mzuri; baada ya hapo utahitaji mega za kutuma faili tu.